Kutoka Kalama Hadi Syokimau na Pembe Moja Iliyogoma

Wenzangu wa sauti ya kwanza, nimechoka kusimulia safari hii vipande vipande kila nikikutana na mmoja wenu njiani. Kila mtu anaondoka na kipande chake, mnakutana mnaviunganisha, na hadithi ikinirudia nakuta niligombana na mkwe wangu, nikazidiwa na maji, nikalala kituo cha polisi. Sikulala kituo cha polisi. Nililala kwa Wayua, kisha kwa Bi Zuhura, na kote nilitandikiwa shuka safi. Nilisema nitarudi Ijumaa niwahi mazoezi ya kwaya, nikarudi Jumatatu, na hiyo ndiyo sehemu pekee ya uvumi wenu iliyo kweli. Haya basi, someni wenyewe.

Kabla sijafunga mlango

Mnamjua Mumbua, binti ya mwanangu Muthama, aliyepewa jina langu kama ilivyo desturi yetu. Ana miaka kumi na moja. Desemba alikuja Kalama na ule mchemraba wa rangi sita, ule unaozungushwa huku na huku mpaka kila uso ubaki na rangi moja. Asubuhi anauzungusha, mchana anauzungusha, nikimtuma kuni anakwenda na kurudi akiuzungusha. Mimi nimefundisha darasa la tatu miaka thelathini na siwezi kuvumilia kuona mikono ya mtoto ikifanya kazi isiyo na mwisho. Siku ya Krismasi, mbele ya binamu zake wote, nikamnyang'anya. Nikasema hiyo ni takataka ya watoto wajinga, na kwamba msichana wa umri wake angekuwa anamaliza kusuka kiondo cha pili. Nikaufungia sandukuni, nikausahau, naye akarudi kwao Syokimau bila kuudai.

Pasaka hakuja. Shule zilipofungwa mwezi wa nne, Muthama akanipigia simu kwa ile sauti ya mtu anayetafuta maneno, akasema mtoto amekataa kabisa kuja kwangu. Nikamwambia nipe mwenyewe.

"Susu," akaniambia, maana hivyo ndivyo wajukuu wangu wanavyoniita, "uliniita mjinga mbele ya watu. Na hata hujui hiyo kitu ni ngumu aje. Siku utaimaliza wewe mwenyewe, na mikono yako, ndio utajua. Mimi sikuji."

Simu ikarudi kwa baba yake. Nilipandwa na hasira, nikasema watoto wa siku hizi wamekosa adabu, nikaenda kufokea kuku. Hasira iliposhuka nikabaki na jambo moja ambalo sikupenda kulitazama: mtoto mwenye jina langu hataki kuniona, na kosa ni langu.

Sasa niwatolee siri. Mchemraba ule nilikuwa nimeutoa sandukuni tangu Pasaka. Nilikuwa naujaribu nikiwa peke yangu, mlango umefungwa, msije mkanicheka. Niliuanza kama ninavyoanza kiondo: kitako kwanza, kisha mizunguko inapanda. Kitako nikakiweka cheupe, na mzunguko wa kwanza wa pembeni ukakaa sawa, kila rangi chini ya mwenzake. Hapo nikagota. Kila nikitaka kupandisha mzunguko wa pili, ilinibidi nivuruge kitako, na mama yangu alinilea nikijua kwamba kitako kilichokaa vizuri hakiguswi tena. Wiki mbili nikakaa hapo hapo. Baada ya ile simu nikaamua: nitakwenda Syokimau mwenyewe, nitaumalizia njiani, nitamwekea mezani ukiwa mzima. Mtu akitoka Kalama asubuhi, saa saba mchana ameshakula kwa mwanawe.

Kalama hadi mtoni

Alhamisi niliondoka na chupa ya asali, nguo za kubadilisha, na mchemraba umefungwa kwenye leso ndani ya kiondo. Mvua ilikuwa imenyesha tangu juzi yake. Boda boda ilinifikisha mpaka pale barabara inaposhuka kwenye kile kivuko cha saruji, na kivuko hakikuwepo. Palikuwa na maji ya rangi ya chai, yakipita na matawi.

"Mwalimu, hapa hata ng'ombe haiwezi pita," mwenye boda boda akasema. "Turudi."

"Rudi wewe," nikamwambia. Mnanijua.

Ukingoni nikamkuta bwana mmoja amekalia pikipiki yake na sanduku la barafu nyuma. Alikuwa daktari wa mifugo, anaitwa Mutiso, alikuwa ametoka kuchanja ng'ombe huku kwetu na sasa chanjo iliyobaki ilikuwa inamsubiri yeye na yeye anausubiri mto. Tukasalimiana, tukalaumu mvua, tukaisifu mvua, na maneno yakaisha. Nikatoa mchemraba wangu.

Mutiso akasogea. "Mwalimu, hiyo ni kyubu? Hebu leta nione." Akaugeuza mara moja. "Aiya! Umemaliza round ya kwanza yote. Watu wengi hupanga upande mmoja, halafu kwa side zote ni fujo. Nani alikufundisha kuanza hivi?"

"Kiondo," nikasema.

Alicheka mpaka sanduku la barafu likatikisika. Akaniambia aliujifunza chuoni, wakati wanafunzi wenzake wanajifunza kunywa. Akaushika, akapandisha ubavu wa kulia juu, akaupitisha kushoto mzunguko wa juu, ule ninaouita kofia, akashusha ubavu, akairudisha kofia kulia. Kitako changu cheupe cha wiki mbili kikawa kimepasuka.

"Umeniharibia!" Nikamshika mkono. Nusura nimwamuru apige magoti, kama mtoto wa darasa la tatu.

"Tulia, mama. Wewe hesabu tu. Hiyo ni moja."

Akarudia mwendo ule ule. Panda, pita, shuka, rudi. Mara ya pili hali ikawa mbaya zaidi. Ya tatu sikutaka kutazama. Ya nne, ya tano, na ya sita mchemraba ukarudi vile vile ulivyokuwa, kitako cheupe, mzunguko wa kwanza mahali pake, hakuna hata kipande kimoja kilichohama. Nikamwomba anionyeshe tena. Akanionyesha. Nikafanya mwenyewe, mara sita, moyo ukinidunda kwenye ile ya tatu, na ukarudi. Jamani, nilifurahi kama nimefufua mtu. Kumbe kuna kuvuruga kunakojua njia ya kurudi nyumbani, na mimi nilikuwa nimekaa wiki mbili nikiogopa bure.

Kwa Wayua

Saa nane maji yalikuwa hayajapungua. Nyumba iliyo karibu na kivuko ni ya Wayua, ambaye nilimfundisha kuandika jina lake, na alipotuona akaja kutuita sote wawili. Alitupa muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa, uliopikwa na maharagwe na viazi, umekauka vizuri, na akasimama juu yetu kuhakikisha tunaongeza. Kati ya kijiko na kijiko Mutiso alinionyesha jinsi ya kupandisha vipande vya mzunguko wa pili: unakitoa kipande, unafungua njia, unakishusha, unafunga. Nilikuwa nafuata kwa midomo. Wayua alitutazama kwa muda, akashindwa kuvumilia.

"Daktari, hiyo dawa ng'ombe inameza ama inapakwa?"

"Dawa gani?"

"Hiyo ya rangi. Maana yangu moja inaharisha, na kama ni ya kumeza, mbona ni kubwa hivyo?"

Mutiso akameza muthokoi vibaya na ikabidi apigwe mgongoni. Tulipomweleza, Wayua hakuona aibu hata kidogo. Alisema akiona daktari na mwalimu wake wamekodolea macho kitu kimoja kwa saa nzima, lazima kiwe ni cha kuponya kitu. Nikamwambia huenda hajakosea sana, na nikamsimulia habari ya Mumbua. Akaniongezea chakula bila kuniuliza.

Maji hayakupungua mpaka asubuhi, kwa hiyo tukalala hapo, mimi chumba cha watoto, Mutiso sebuleni na chanjo zake. Kabla ya chai ya asubuhi mzunguko wangu wa pili ulikuwa umekamilika. Mutiso akaniandikia hatua za mwisho, zile za kofia ya njano, nyuma ya kadi ya chanjo ya mifugo, kwa maneno yangu mwenyewe: panda, pita, shuka, rudi, na mengine ya namna hiyo. Kadi ninayo mpaka leo, upande mmoja imeandikwa "beberu, mwaka mmoja na nusu."

Wayua nilimwambia nimuvea muno, asante sana kwa Kikamba chetu, na haikutosha.

Mtoni hadi Machakos

Maji yalikuwa yamefika magotini. Wanaume wanne waliibeba pikipiki, Mutiso akabeba sanduku lake kichwani, na mimi nikavuka nimeshika mkono wa Wayua. Hatua tatu kabla ya ng'ambo nikateleza. Sikuanguka, asiwadanganye mtu, nilikaa tu kidogo. Asali ilinusurika, nguo zikalowa, na mchemraba ukachomoka kwenye leso ukatua kwenye mchanga mbichi. Nilipouokota na kujaribu kuuzungusha, ulisaga meno. Nikajaribu zaidi, ukakwama kabisa, nusu umegeuka.

Mutiso alinipakia mpaka Machakos mjini, sanduku la barafu katikati yetu, mimi nimeushikilia mchemraba nje hewani ili ukauke. Waliotuona njiani walipunga mkono na mimi nikapunga. Aliniacha sokoni kwa sababu chanjo zake zilikuwa hazina tena muda wa kupoteza, na akaniambia nisiulazimishe, nitafute mtu wa kuusafisha.

Machakos, kwa Fundi Abdalla

Mtu wa kusafisha kitu kidogo chenye vyuma ndani namjua mmoja tu. Fundi Abdalla ametengeneza cherehani yangu tangu ilipokuwa mpya. Watu wake walitoka pwani zamani, yeye amezaliwa hapa hapa mjini, na anaongea Kiswahili cha kunitia haya mimi niliyekifundisha.

"Mwalimu, karibu. Leo cherehani imevaa nguo za rangi?"

"Kimekula mchanga hiki, Fundi. Nakitaka sasa hivi, nakwenda Syokimau."

Akakisikiliza sikioni akikigeuza polepole. Akasema kitasafishika, lakini yeye hatoi kitu mkononi mwake kabla mafuta hayajatulia usiku mmoja. Mashine ikitiwa mafuta na kukimbizwa siku hiyo hiyo, inayatema. Nikamwambia hii si mashine. Akaniuliza kwa upole, kama si mashine, ameletewa kwa nini. Na kwa kuwa ilikuwa Ijumaa, saa sita inakaribia, akafunga duka kwenda kuswali, na mchemraba wangu ukabaki ndani.

Mkewe, Bi Zuhura, hakutaka kusikia habari ya mimi kutafuta pa kulala. Alinipa kanga kavu, akaniketisha, akaniletea mahamri na mbaazi za nazi. Nilikula mahamri mangapi siwaambii. Alasiri nzima sikuwa na mchemraba, nikaogopa mikono itasahau, basi nikachukua kipande cha sabuni ya kufulia kilichokuwa karibu na karo nikakifanyia mazoezi, macho nimefumba. Panda, pita, shuka, rudi. Panda, pita, shuka, rudi. Nilipofumbua macho, Bi Zuhura alikuwa amesimama mlangoni kwa heshima kubwa, ameshika mikono.

"Nimekukatiza, Mwalimu? Wasoma uradi?"

Alidhani niko kwenye dua; nikamwonyesha sabuni. Tulicheka mpaka tukalazimika kukaa chini, kisha akataka nimfundishe, akajifunza mwendo ule haraka kuliko mimi.

Asubuhi Fundi Abdalla akanirudishia mchemraba umefungwa kwenye karatasi, amefurahi.

"Nimekichomoa kipande kimoja cha kwenye pembe, nikapitisha brashi ndani, nikapuliza, nikatia mafuta, nikakirudisha shimoni mwake. Rangi sikuzishughulikia, nimezikuta zimeshavurugika."

"Kimeingia sawasawa?"

"Kwenye cherehani, Mwalimu, chuma kikikaa shimoni mwake, kimekaa. Hakina namna nyingine ya kukaa."

Nikajaribu. Ulizunguka laini, bila sauti, kama ulivyotoka dukani. Nikamshukuru, nikambusu Bi Zuhura mashavu yote mawili, nikashika njia.

Barabara ya Mombasa

Basi lilikwenda vizuri mpaka tulipopita Kyumvi na kuingia barabara kuu. Mbele huko trela lilikuwa limelala ubavu, na kila gari lililokuwa likielekea Nairobi likazima injini. Watu walishuka, wakanunua mahindi ya kuchoma, wakapanda tena. Mimi sikushuka. Nilikuwa na kadi ya beberu kwenye paja, mizunguko miwili nimeshaipandisha upya, na kofia ya njano ya kumaliza.

Msalaba wa njano ukatokea. Pande zake zikakaa. Pembe zikaenda kila moja mahali pake. Ikabaki kuzigeuza tu zitazame juu, na hiyo ni kazi ya ule mwendo wangu wa kwanza, ule niliouzoea hata kwa sabuni. Pembe ya kwanza ikageuka. Ya pili ikageuka. Ya tatu. Ya nne ikagoma. Nikiilazimisha igeuke, kila kitu cha chini kinavurugika. Nikikirejesha cha chini, pembe inarudi kuniangalia kwa upande. Nikafikiri nimekosea hesabu. Nikavuruga mchemraba wote, nikaanza tena tangu kitako. Gari lilikuwa halijasogea, muda ulikuwepo. Nikafika mwisho tena: vipande vyote vimekaa, pembe moja imepinda. Mara ya tatu hivyo hivyo. Mara ya nne nilikuwa natoka jasho jembamba, nikijiuliza kama kweli mimi ndiye yule mjinga niliyemtaja siku ya Krismasi.

Karibu nami alikaa msichana wa ofisini, kucha ndefu, vifaa vya simu masikioni. Akavitoa.

"Shosh, nimekucheki tangu hapo nyuma. Uko karibu sana. Hiyo kona si unaizungusha tu na nguvu? Inatwist yenyewe ikiwa hapo ndani. Leta nikushow."

"Bila kufuata mwendo?"

"Bila kufuata kitu. Sekunde moja. Place zingine ziko poa, nani atajua?"

Nikampa. Msinitazame hivyo, nilimpa. Niliona tayari mchemraba mzima mezani na uso wa mtoto ukifunguka, na nilitaka kitu hicho kuliko nilivyotaka chakula. Aliishika pembe kwa vidole viwili na nikaona inaanza kukubali. Nikaupokonya kwa kasi hata nikamkwaruza.

"Samahani, mwanangu. Mjukuu wangu aliniambia niimalize kwa mikono yangu. Nikimpelekea uongo, nitakuwa nimemwita mjinga mara ya pili."

Msichana akapangusa mkwaruzo wake. "Basi kaza, shosh," akasema, akarudisha vifaa masikioni. Nilijaribu tena mara mbili mpaka Syokimau. Pembe moja, kila mara.

Langoni

Nyumba ya Muthama iko ndani ya mtaa wenye ukuta na lango, na langoni yupo askari mwenye daftari. Sikumlaumu, yuko kazini.

"Jina lako, mama?"

"Mumbua."

"Unaenda kuona nani?"

"Mumbua."

Akaweka kalamu chini. "Mama, nimekuuliza unaenda kuona nani. Jina lako niko nayo."

"Nami nimekujibu."

Akapiga simu ya ndani. Nilimsikia: "Kuna Mumbua hapa kwa gate anataka Mumbua." Akasikiliza, akaniangalia kwa mashaka yaliyoongezeka. "Wanasema Mumbua ako ndani, hajatoka."

Ni mjukuu wangu aliyepokea, bila shaka. Muthama na mkewe walikuwa sokoni, na mtoto amekatazwa kumfungulia mtu yeyote wazazi wasipokuwepo. Basi nikakaa kwenye kibanda cha askari, kiondo mapajani, nikala nusu ya mkate wake, naye akala asali yangu. Nikajaribu mara ya mwisho. Askari alifuata mikono yangu kwa makini mpaka mwisho.

"Imebaki moja," akasema.

"Naiona," nikamjibu kwa ukali, kisha nikamwomba radhi. Nilikuwa nimeanza kuogopa. Siku tatu njiani, na nilichobeba ni kitu kisichokamilika kwa mtoto ambaye alinitaka nikikamilishe.

Mezani

Muthama alinikuta hapo akashika kichwa. Mkwe wangu Ndanu alinikumbatia, akapika wali na kuku haraka haraka, na kila mtu akaongea juu ya mvua. Mumbua alinisalimia kwa adabu zote, mikono miwili, akakaa upande wa pili wa meza. Hakuniangalia.

Sikungoja chakula. Nikauweka mchemraba katikati ya meza, ile pembe imeelekea kwake ili asiseme nimeificha.

"Nimeshindwa hapo," nikasema. "Zingine zote ni mimi. Na hata kama ni moja tu imenishinda, nimejua ni ngumu. Wewe si mjinga, Mumbua. Nilisema mbele ya watu, nami nasema mbele ya baba yako na mama yako: nilikosea, unisamehe."

Akauchukua mchemraba, akaugeuza juu, chini, pembeni. Akakunja uso.

"Susu, ulirudia mara ngapi?"

"Tangu Kyumvi, mara saba. Ya mwisho hapo kwa askari."

"Na kila mara inabaki moja? Moja tu?"

"Moja tu."

"Nani aliifungua?"

"Ifunguliwe vipi? Aa, Fundi Abdalla, kule Machakos. Ilikuwa na mchanga. Alichomoa kipande, akakirudisha."

Mumbua akaishika ile pembe kwa vidole viwili, akaizungusha kwa nguvu, ikalia ka! Mchemraba ukawa mzima, nyuso sita, rangi sita. Nikashtuka nikadhani ananidhihaki.

"Aliirudisha ikiwa imegeuka," akasema, na sasa alikuwa ananitazama moja kwa moja. "Kona moja haiwezi kugeuka peke yake. Haiwezi kabisa. Lazima zigeuke mbili ama zaidi. Hata mtu anashinda mashindano hangeimaliza hii." Akapanga maneno, kama ninavyopanga mimi. "Mtu wa kudanganya angekuja nayo ikiwa yote sawa. Na mtu hajui hangefika hapo mwisho, hangejua hata kama iko na shida. Ni mtu alifanya mwenyewe tu ndio anaweza kukwama hapa."

"Kwa hivyo unaamini?" baba yake akauliza.

"Baba, iko hapo. Si nimeiona?"

Machozi yalinitoka, na sikuyatafutia kisingizio cha vitunguu. Mumbua akaanza kuuvuruga mchemraba, haraka ile yake ya vidole visivyoonekana, akausukuma kwangu.

"Fanya nione."

Nikafanya. Wali ulipoa, Ndanu akaufunika, Muthama akaambiwa anyamaze mara mbili. Kitako, mzunguko wa kwanza, wa pili, msalaba wa njano. Mumbua alikuwa amelaza kidevu mezani, midomo yake ikienda pamoja na mikono yangu. Nilikosea mara moja akavuta pumzi, lakini hakunisaidia. Pembe ya kwanza ikageuka, ya pili, ya tatu, na ya nne ikageuka taratibu na kila kitu cha chini yake kikarudi mahali pake.

Hakupiga makofi. Aliutazama, akanitazama mimi, akasema njia yangu ni ndefu kama ya kuzunguka mlima, na kwamba kuna ya mkato ambayo haiwezi kufundishwa jioni moja. Kisha akainuka akaenda chumbani. Tulisikia droo zikifunguliwa na kufungwa, begi likiburutwa sakafuni.

"Mama!" akaita kutoka huko. "Koti langu la mvua liko wapi? Kwa Susu kunanyesha."

Ndanu akafungua mdomo kujibu, lakini nilimtangulia.

"Liko nyuma ya mlango," nikasema, kwa sababu nilikuwa nimeliona nikiingia.